Viungo

Miaka thelathini na moja nauza viungo Marikiti,
meza ya tatu kutoka mlangoni:
hiliki kushoto, karafuu kulia,
na mdalasini katikati, umejikunja kama barua
isiyotaka kusomwa.
Wateja huniita Mama Mdalasini.
Jina langu ni Thureya, lakini nani ana haja nalo.

Mfunguo Tatu ufizi ulianza kuniwasha.
Kwanza kama mchanga.
Kisha asubuhi moja nikatema, na beseni likawa na uzi mwekundu,
mwembamba, wa kupita tundu la sindano.

Nililaumu mahamri ya moto. Nililaumu kahawa chungu.
Nililaumu maji ya kisima, ambayo kwetu Kuze
yana chumvi hata chai hununa.
Sheebwana, mume wangu, akalaumu umri;
yeye meno yake hulala ndani ya gilasi, hana la kupoteza.
Wifi yangu Shumi akasema ni jicho.
Jicho gani hilo, nikamuuliza,
liingialo hadi nyuma ya magego?

Nikazidi kupiga mswaki.
Aonaye uchafu huzidisha ufagio.
Alfajiri, adhuhuri, kabla ya kulala,
dawa ile ya bomba jekundu
iliyoandikwa kwa dhahabu: Weupe kwa Wiki Mbili,
povu likijaa hata mashavu yakatuna,
nami nikiamini povu ndilo usafi.
Nani hakulelewa hivyo?
Sabuni isiyotoa povu ni jiwe tu.

Ngozi ya ndani ya mdomo ikawa inachunika
kama utandu wa maziwa.
Embe mbichi na pilipili nikaila kwa macho.

Kadzo, wa duka la dawa pale Bondeni,
hakuniuliza umri wala jicho.
Akasema: "Niletee bomba lenyewe."
Nikamletea, limekamuliwa, limekunjwa mkia.
Akaligeuza nyuma,
kule ambako kampuni huandika kama mtu anayenong'ona,
akasoma kidole kikifuata, kama mtoto wa chuoni:

"Sodiamu lauri salfeti. Hili ndilo povu lako, mama.
Limo pia katika sabuni ya nywele; si kila mdomo unalivumilia.
Silika, ya kusugua. Kwa jino ni sawa,
kwa ufizi uliovimba ni msasa.
Peroksaidi, huo ndio weupe.
Mentholi, ya ubaridi. Na hii hapa..."
akasita,
"sinamaldihaidi."

Ni nani huyo? nikauliza.

"Ladha. Mdalasini, mama.
Roho yake tu, bila gome."

Nilicheka hadi mtu aliyekuja kununua panadoli akageuka.
Kisha sikucheka.
Mdalasini ulionilipia karo ya watoto wanne,
ulioniezekea bati,
ulionuka nguoni mwangu hata siku ya kumzika mama,
umeingia kwa mlango wa nyuma
umevaa jina la Kizungu,
unaniuma.

Kadzo hakuapa. Alisema: "Labda huu, labda povu,
labda vyote. Mwili hauandiki risiti.
Iache wiki tatu. Tumia isiyo na povu, isiyo na ladha,
na mswaki laini. Damu isipokoma,
nenda kwa daktari wa meno, usirudi kwangu."
Nikampenda kwa hilo,
mtu kujua ujuzi wake unaishia wapi.

Dawa mpya haina sherehe.
Siku za kwanza niliona sijapiga mswaki,
nimepitisha kijiti tu.
Sheebwana akaionja kwa ncha ya ulimi:
"Pilau la hospitali."

Wiki ya pili uzi ukakatika.
Leo nimekula embe.

Mdalasini bado nauza. Nitauza nini?
Ila mteja akiuinua puani, akauliza,
"Mama, huu ni mkali?"
siharakishi kuapa kama zamani.
Namuuliza: kwa nani?